Soketi ya Chumba Nisichoingia

Jumanne, tarehe kumi na tisa Agosti, saa tisa alasiri, chumba cha kulala cha mama mkwe wangu kiliungua. Tulipoteza kitanda, friji, sanduku la nguo zake za kanisa, na picha ya pekee ya baba mkwe akiwa kijana. Jumapili iliyofuata, kabla ya saa sita, tulimpoteza mama mwenyewe hospitalini, mjini Kakamega.

Mimi ni fundi wa stima. Nalisema hilo mapema kwa sababu watu wakisikia habari hii hunipa pole na kusema ni ajali. Moto ulianzia kwenye soketi ya friji, na soketi hiyo nilikuwa naijua.

Nina kibanda Lubao. Shule niliachia darasa la nane, kazi nikajifunza kwa kumbebea fundi mwingine ngazi kwa miaka minne. Natengeneza pasi, birika, redio, na zaidi ya vyote soketi, maana kila nyumba siku hizi ina kitu cha kuchomeka. Watu huniletea plagi zilizoyeyuka wakaniuliza kama nina nyingine. Huwa nawaambia shida si plagi. Soketi haipati moto bure. Skrubu ndani yake ikilegea, waya hauguswi vizuri, stima inapita kwa kuruka, na pale inaporuka panachomeka. Shaba inakuwa nyeusi. Ikishakuwa nyeusi inapitisha stima kwa taabu, kwa hiyo inazidi kupata moto, inazidi kuwa nyeusi. Ukikaza skrubu juu ya shaba iliyoungua, umefunga kidonda chenye usaha. Lazima ukate waya mpaka uone shaba inayong'aa. Kama waya haufiki tena, unavuta mwingine mpya. Nimewaeleza hivyo watu wengi, na wengine nimewagombeza.

Sasa nieleze kwa nini kwa mama mkwe wangu sikufanya hivyo.

Kwetu mkwe na mama mkwe hawakaribiani. Hawashikani mikono, hawali meza moja, na kitanda cha mama mkwe hutakiona hata kwa bahati mbaya. Vijana wengi wa mjini wameacha, wanasalimiana na mama wakwe zao kanisani kama watu wengine. Mimi sikuacha. Nilipokuwa nikifika kwake Shinyalu, yeye alitokea mlango wa nyuma nikiingia wa mbele, kisha tukazungumza yeye akiwa jikoni na mimi sebuleni, ukuta ukiwa kati yetu. Tulizungumza vizuri sana kupitia ule ukuta. Alijua ninapenda ngozi ya kuku, na sikumwambia mimi.

Stima ilipofika kijijini kwao, niliweka waya sebuleni na jikoni kwa mkono wangu. Nilipofika kwenye mlango wa chumba chake nilisimama, nikamwachia fundi wa sokoni amalizie humo ndani. Sikuwahi kuona alichofanya.

Baadaye alinunua friji ndogo, ya maziwa ya kuuza na soda. Akaiweka chumbani kwa sababu mlango wa sebule ulikuwa dhaifu, na friji yenyewe ilikuwa kitu chake cha thamani kuliko vyote baada ya ng'ombe.

Jumapili ya mwisho ya Julai tulikwenda kumwona, mimi na mke wangu. Shemeji yangu, kaka mdogo wa mke wangu, alikuwepo pia. Yeye ni mwendeshaji wa bodaboda na anaishi boma hilohilo. Mimi nilikaa sebuleni na begi langu la kazi chini ya kiti; siendi mahali bila hilo begi. Mama alinisalimu kutoka jikoni.

"Mkwe, umefika salama?"

"Salama, mama. Nyumba hii mko wazima?"

"Tuko. Ila hii paka imeniingizia samaki chumbani. Siku ya tatu leo nanusa. Nimetoa hata godoro nje, sioni mwiba."

Mke wangu alikuwa naye kule jikoni, nikamsikia akicheka. "Mama, paka wako anaogopanga panya. Samaki atamtoa wapi?"

Mimi sikucheka. Plastiki ya soketi ikianza kuungua hutoa harufu ya samaki aliyelala. Ni jambo ambalo kila fundi analijua.

"Harufu iko upande gani, mama?"

"Pale kwa friji."

Nilimwomba shemeji aingie aguse plagi. Hakukaa humo hata sekunde tano.

"Ai! Shemeji, hapa unaweza kuchemsha yai."

Swichi kubwa iko sebuleni, kwa hiyo niliizima mimi. Nikampa bisibisi na testa, nikamwambia asogeze friji, ahakikishe stima imekufa, kisha afungue soketi. Mlango wa chumba ulikuwa wazi. Niligeuza kiti changu kikatazama ukuta wenye kalenda, nikampa mlango mgongo. Hivyo ndivyo nilivyotengeneza soketi ile: nikiwa nimeangalia kalenda.

"Ndani kukoje?" nikauliza.

"Plastiki imekuwa kahawia. Waya mmoja ganda lake limekuwa gumu, kama ukoko wa ugali, wa obusuma."

"Na shaba?"

"Nyeusi."

"Nyeusi mpaka wapi?"

"Sioni mwisho. Inaingia kwa ukuta."

"Waya ni mrefu? Ukikata kipande utafika tena kwa skrubu?"

"Wapi! Umenyooka kama kamba ya kuanikia. Ukikata, haufiki."

Hapo nilijua kila kitu nilichotakiwa kujua. Waya ule ulitakiwa kutolewa wote na kuvutwa mwingine kutoka darini. Kazi hiyo haiwezi kufanywa kwa maneno. Shemeji angeweza kukaza skrubu, lakini hangeweza kupanda darini na kufungua maungio na kujua upi ni upi. Hiyo ilikuwa kazi ya mtu mmoja tu ndani ya nyumba ile.

Mama naye alielewa. Alikuwa anasikiliza kutoka jikoni.

"Mkwe," akasema, "ingia tu. Kitanda nimekifunika. Mimi naenda zangu shambani kwa majani chai mpaka umalize. Mungu hawezi kukasirikia mtu anayetengeneza stima."

"Ingia bwana," shemeji akasema kutoka chumbani. "Nani atakuona? Paka?"

Nikasema, "Hapana, mama. Siwezi."

Nikamsikia akifunika sufuria kule jikoni. Kisha akasema, "Sawa. Wewe ndiye unajua."

Nimelirudia neno hilo mara nyingi nikijaribu kusikia sauti yake ilikuwaje, kama alifurahi au alichoka nami. Siwezi kusema. Ninachoweza kusema ni kwamba mimi nilifurahi. Nilijiona mtu wa maana. Niliwaza kwamba mke wangu amesikia, na shemeji amesikia, na wiki hiyo kijiji kitasikia kwamba nilifunguliwa mlango na mwenyewe na bado sikuingia.

"Kwaruza shaba na kisu," nikamwambia shemeji. "Kisha kaza tu."

"Nikaze tu?"

"Kaza tu. Wiki hii nitaleta fundi mwingine avute waya mpya."

Alikaza. Nikamwambia mama kupitia ukuta, "Mama, ukisikia ile harufu tena, au ukiona plagi inapata moto, chomoa haraka."

"Nichomoe."

"Ndiyo, mama. Chomoa."

Tulikula ingokho, kuku wa kienyeji, mimi sebuleni na wao jikoni. Nilipoaga, shemeji aliingia tena akagusa plagi.

"Iko vuguvugu," akasema.

"Itapoa," nikasema.

Fundi mwingine sikumleta. Nilimpigia mwenzangu mmoja, akasema ana kazi ya nyumba nzima karibu na Isecheno, nimngoje. Wiki ya pili nikampigia tena, akasema bado. Kisha mimi mwenyewe nikapata kazi ya kinu cha kusaga mahindi na ikanishika. Mama alipiga simu mara moja kuuliza hali ya watoto. Mwishoni akasema, "Na yule samaki wangu ametulia." Alicheka, nami nikacheka. Baada ya simu hiyo niliacha hata kumtafuta fundi. Hayo ndiyo yaliyotokea katika zile wiki tatu, na sina la kuongeza ili yaonekane mazuri zaidi.

Siku ya moto sikuwepo. Niliyoyajua nimeyapata kwa jirani aliyekuwa akichuma majani chai pamoja na mama. Mvua ya mawe ilikuwa imenyesha na kukatika, stima ilikuwa imepotea na kurudi. Walikuwa wamerudi kuchuma wakaona moshi ukitoka dirishani kwa chumba. Mama aliangusha kikapu akakimbia. Jirani alimwita asiingie, aache nyumba iungue.

"Akanijibu akikimbia," jirani alituambia. "Akasema, 'Mkwe aliniambia nichomoe.'"

Pazia lilikuwa limeshika moto tayari. Aliingia, akapitisha mkono nyuma ya friji. Shemeji alifika na pikipiki akamtoa nje, naye mwenyewe akaungua bega. Majirani walizima kwa maji ya kisima na matope. Chumba kimoja ndicho kilichokwenda. Jikoni na sebule vilibaki.

Hospitalini alikaa siku tano. Mkono wa kulia ulikuwa umefungwa hadi kwenye kiwiko, lakini daktari alisema tatizo ni moshi alioumeza. Mke wangu alikuwa akiingia wodini, mimi nikisimama kwenye korido na chupa ya uji. Mama alikuwa amelala kitandani, nguo zimefunguliwa kwa sababu ya dawa. Sikuingia. Hata hapo sikuingia.

Jumamosi mke wangu alitoka akiwa ameshika kitambaa mdomoni.

"Amekuuliza," akasema. "Nimemwambia uko hapa nje. Amesema, 'Mwambieni nilichomoa.'"

Kesho yake akafariki.

Tulimzika Jumamosi iliyofuata, kando ya mume wake, karibu na majani chai. Msemaji wa ukoo wao alipofika kwenye habari za wakwe alinisimamisha mbele ya watu. Akasema siku hizi hakuna wakwe, kuna wanaume tu waliooa. Akaeleza jinsi nilivyokutana na mama mwaka mmoja kwenye njia nyembamba ya Shinyalu, siku ya arusi ya mtu, nikaingia katikati ya mahindi ili apite.

"Na suti yake mpya!" akasema. "Akatoka huko amejaa umande mpaka magotini!"

Watu walicheka na kupiga makofi. Nilisimama pale na kofia mkononi. Kaburi lilikuwa hatua kumi kutoka nilipokuwa, nami nilisifiwa mpaka nikaambiwa nikae.

Wakati huohuo shemeji alikuwa akisutwa. Habari ilikuwa imeenea kwamba yeye ndiye aliyekaza soketi. Shangazi yao, dada wa baba mkwe, mwanamke mwenye ulimi mwepesi, hakumpa nafasi. Shemeji alipomletea maji, alimwambia mbele ya akina mama, "Wewe ulidhani stima ni mnyororo wa pikipiki, unakaza tu na kwenda?" Siku nyingine akamwita fundi. "Fundi, njoo ubebe kuni. Fundi, angalia huo moto usikuponyoke tena." Wengine waligeuza nyuso wacheke.

Shemeji hakujibu. Angeweza kusema neno moja na kujitoa. Aliinama, akabeba kuni na lile bega lililofungwa bandeji. Mara moja tu aliniangalia, na mimi nikatazama chini. Nadhani alinyamaza kwa sababu mimi ni mume wa dada yake, na mtu hamwaibishi mkwe wa nyumba katika matanga ya mama. Heshima yake ilikuwa inambebesha mzigo wangu, kama vile ya kwangu ilivyombebesha mama.

Mke wangu alijua. Alikuwa jikoni siku ile, aliyasikia yote. Hakunigombeza. Siku mbili baada ya maziko tulikuwa tukikunja mahema ya kukodi, yeye upande mmoja na mimi upande wa pili, tukasogeleana kukutanisha pembe.

"Kesho ni kunyoa," akasema.

"Najua."

"Sikuulizi kitu. Nakungoja tu."

Siku ya kunyoa, ya tatu baada ya maziko, familia hukaa uani, watu wa nyumba ile wananyolewa nywele, na yeyote mwenye jambo na marehemu analisema hapo ili liishe. Asubuhi ile mzee mmoja alisema jembe lake liko ndani ya nyumba. Jirani akasema ana kuku wawili wa mama waliokuwa wakilala kwake, akawaleta. Shemeji alikuwa amekaa kwenye kiti kifupi, kichwa kimenyolewa upande mmoja, wembe ukisafishwa.

Msemaji akauliza, "Kuna mwingine?"

"Mimi sina jembe," shangazi akasema. "Lakini nataka mtu aniambie habari ya soketi. Ndugu yangu alijenga nyumba hii kwa matofali aliyofyatua mwenyewe. Isiishe hivihivi kwa sababu fulani alikaza vibaya."

Shemeji akafumba macho. Nikasimama. Nikashika mgongo wa kiti.

"Hakukaza vibaya," nikasema. "Alikaza nilivyomwambia. Aliniambia shaba ni nyeusi. Aliniambia waya ni mfupi. Nilijua haifai kukazwa, inafaa kutolewa. Nikamwambia akaze tu."

Aliyekuwa akisafisha wembe akaacha.

"Kwa nini?" msemaji akauliza.

"Kwa sababu kuutoa waya kungenilazimu kuingia chumbani kwa mama. Mama mwenyewe aliniambia niingie. Alisema amefunika kitanda, na kwamba atatoka nyumbani mpaka nimalize. Nikakataa. Nikasema nitaleta fundi mwingine wiki hiyo, na sikumleta. Na kuchomoa plagi, ni mimi nilimwambia. Wakati naeleza nilipaswa kumwambia azime swichi kubwa iliyo sebuleni. Nilimwambia achomoe."

Shangazi alinigeukia. Nilitegemea makelele.

"Mwenyewe alikuruhusu?"

"Ndiyo, shangazi."

"Na ukakataa."

"Ndiyo."

"Basi haikuwa heshima kwake. Ulitaka sisi tukusifu."

"Ndiyo, shangazi," nikasema, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Akavuta leso akajifunika kichwa, akageukia upande wa kaburi. Msemaji, yule aliyesimulia habari ya mahindi na suti, alisema tu, "Tumesikia," akampa aliyeshika wembe ishara aendelee. Nilikaa. Hakuna aliyeniambia nitoke, na hakuna aliyenisogelea. Mke wangu alikuwa na akina mama upande wa pili wa ua. Alikuwa analia, nami sikujua kama ni kwa ajili ya mama au kwa ajili yangu.

Watu walipotawanyika kula, shemeji alikuja akasimama mbele yangu, kichwa kinang'aa.

"Stima ya jikoni imekatwa tangu moto," akasema. "Kila mtu anaogopa kuwasha. Njoo uangalie kwanza ule waya ulioungua."

Nilichukua begi nikamfuata. Alipita sebuleni akaingia chumbani. Mimi nilifika kwenye kizingiti, na miguu ikasimama. Kitanda hakikuwepo tena, wala mwenye kitanda. Nusu ya dari ilikuwa imeanguka na mwanga ulikuwa ukiingia kwa juu. Bado miguu yangu ilisimama pale ilipozoea.

"Ingia," shemeji akasema.

Niliingia. Ilikuwa mara ya kwanza. Chumba kilikuwa kidogo kuliko nilivyokidhania miaka yote. Soketi haikubaki kitu, ila boksi la chuma lilikuwa ukutani, na waya ulitokeza hapo kama kidole. Baada ya kupima na kuhakikisha hauna stima, niliuvuta taratibu, nikabandua plasta kwa patasi na kuufuata kuelekea juu. Moto ulikuwa umekula maganda yote sehemu ya chini. Juu, pale ulipokuwa bado ndani ya paipu, ganda lilikuwa zima. Nikakata na koleo. Shaba iling'aa.

Shemeji alisogea akaangalia ule mwisho mwekundu.

"Hapa ilikuwa nzuri," akasema.

"Ilikuwa nzuri."

"Ungevuta mwingine kutoka hapo darini mpaka chini, ni mita ngapi?"

"Nne. Hata hazifiki."

Akafikiri. "Siku ile tungepata wapi waya? Ilikuwa Jumapili, duka la vifaa limefungwa."

Hilo sikuwa nimelisema uani. Sikulisahau; lilikuwa limenishinda kutoka mdomoni. Nilifungua begi nikamwonyesha. Waya ulikuwa humo, umeviringishwa, bado na karatasi yake.

"Ni huu," nikasema. "Siku ile ulikuwa kwa begi langu, chini ya kiti, pale sebuleni."

Aliuchukua. Aliushika kwa mikono miwili, akaugeuza, akausoma ule wino uliopigwa kwenye ganda kana kwamba ni barua. Kisha akaurudisha mkononi mwangu, akatoka nje, na nikamsikia nyuma ya nyumba akiivuta ngazi ya kupandia darini.